Jina la Neema Halikuwamo

Nimestaafu miezi mitatu sasa. Saa ya ukutani mliyonizawadia siku ya kuagana inakimbia dakika kumi kila siku, na sijaipeleka kwa fundi, maana sina tena pa kuchelewa. Mliniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu ya bima za magari, hasa nyinyi mlioanza juzi, ambao hamjawahi kushika fomu ya karatasi. Sitaeleza nilivyopanda cheo, kwani sikupanda sana, na mshahara ni siri ya mwenyewe. Nitaandika nilivyofundishwa kazi, na kosa langu moja ambalo wengi wenu mmelisikia nusunusu.

Niliingia ofisi ya Bwana Jivan, pale Harrow, pembezoni mwa London, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa chumba kimoja na nusu juu ya duka la vitambaa. Hiyo nusu ilikuwa jiko la kuchemshia chai. Bwana Jivan alikuwa Mhindi mzaliwa wa Mombasa, mtu mwembamba, mpole wa sauti na mkali wa macho. Aliponisikia nikimjibu mama yangu kwa simu kwa Kiswahili cha Unguja, akaniajiri kabla hajaangalia vyeti vyangu. Sisi hatukuwa kampuni ya bima. Tulikuwa mawakala, watu wa katikati: mteja anatueleza habari zake, nasi tunazifikisha kwenye kampuni. Kazi yote iko hapo. Ukifikisha pungufu, mteja anaondoka na karatasi yenye muhuri mzuri isiyomkinga na chochote.

Siku ya kwanza hakunipa mteja. Alinipa fomu tupu, akaniambia niisome kwa sauti, kwa Kiswahili, kama ninayemsomea mama yangu. Nilikwenda vizuri mpaka nilipofika kwenye swali la madereva: nani mwingine anaishi nyumbani kwako, mwenye leseni? Nikasita.

"Mbona umesimama?" akauliza.

"Nyumbani ni nani na nani, Bwana Jivan? Kwetu hata binamu wa jirani ni wa nyumbani."

Akacheka. "Ndiyo maana nimekuajiri. Waingereza hawajui kwamba hilo ni swali gumu."

Na ni gumu kweli. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hapa London hatuna majembe, kwa hiyo siku ya tatu tunampa ufunguo wa gari. Mpwa aliyekuja kusoma, shemeji aliyekuja kulea mtoto, mjomba anayengojea karatasi zake za ukimbizi, wote wamo chini ya paa moja, gari liko moja mlangoni, na katika bima limeandikwa jina moja tu.

Nchi hii, bima nyingi zinamkinga yule aliyeandikwa. Asiyeandikwa akigonga, sheria inailazimisha kampuni kumlipa mtu wa nje aliyeumia, halafu kampuni inamgeukia mwenye gari aliyetoa ufunguo ili arudishe. Gari lenyewe halitengenezwi. Na polisi nao wana kesi yao, dhidi ya dereva na dhidi ya aliyemruhusu. Niliyaeleza haya labda mara elfu, na mara elfu nilijibiwa: "Lakini ni mtoto wangu!" Kana kwamba gari linamtambua.

Bwana Jivan hakuamini majibu ya kaunta peke yake. Siku moja alikuja mzee mfupi, mfupi hasa, akiapa kwamba gari analiendesha yeye tu. Bwana Jivan akamsikiliza, akavaa koti, akashuka naye hadi barabarani kuliona gari. Kiti cha dereva kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho.

"Mzee," akamwuliza kwa adabu, "miguu yako inafika kwenye breki?"

Mzee akatazama kiti, akatutazama sisi. "Ah, kijana wangu huwa analichukua. Lakini mara moja moja tu."

"Basi naye tumwandike mara moja moja," akasema Bwana Jivan, na tukapanda juu kuanza fomu upya.

Vyombo vyetu vilikuwa vichache: kitabu kinene cha viwango vya malipo kilichokuja kila baada ya miezi michache, vitabu vya hati za bima za muda vyenye karatasi ya kaboni, na daftari la simu. Hilo daftari lilikaa kati ya meza yangu na ya Bwana Jivan. Kila simu iliyoleta habari mpya tuliiandika humo, jina la mteja na alilosema, kisha jioni tunaandika barua kwa kampuni na kuupiga mstari ule ujumbe. Ujumbe usiopigwa mstari ulikuwa kazi ya kesho.

Baada ya miaka michache habari ilienea kwamba Harrow kuna mwanamke wa bima anayesema Kiswahili. Wakaanza kutupigia Wakongo wa Tottenham, watu wa Bukavu na Uvira, wengi wao wakijuana kanisani. Mmoja akiridhika, wiki inayofuata wanapiga wanne. Ndivyo alivyokuja Bwana Bahati. Alikuwa msafishaji wa maofisi katikati ya jiji, mtu mrefu mwenye kuvaa tai hata akija kutia sahihi tu. Aliishi na mkewe, Esther, na mdogo wake Esther, Neema. Neema walimlea wao tangu alipokuwa na miaka tisa. Walipokimbia vita walipotezana naye, naye akawafuata miaka miwili baadaye. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mbili, kesi yake ya ukimbizi haijaamuliwa, na alikuwa anajifunza gari ili apate kazi ya kuhudumia wazee majumbani mwao. Nilimwandikia Bwana Bahati bima yeye peke yake, kwa kuwa Neema hakuwa bado na leseni kamili. Nikamwambia, "Siku atakayopasi, nipigie."

Yapata mwaka mmoja baadaye, asubuhi moja ya mvua, Esther alikuwa mjamzito na alikuwa na miadi hospitalini. Bahati alikuwa kazini. Neema akamchukua dada yake kwa gari, kama alivyokuwa akifanya kwa majuma kadhaa. Kwenye kona moja gari likateleza, likampiga mzee wa Kiingereza aliyekuwa juu ya baiskeli. Mzee akavunjika mguu. Esther na mimba yake wakasalimika.

Bahati akanipigia mchana ule ule, mtulivu kabisa. "Mama Rukia, tumepata ajali, lakini Mungu iko, na bima iko. Neema uliisha kumuandika."

Nikafungua faili lake. Jina la Neema halikuwamo.

Nilimwambia hivyo. Akasema maneno ambayo yamekaa nami mpaka leo: "Basi minaomba musamaha, Mama. Pengine sikusema muzuri. Kiswahili yetu ya Bukavu na yenu ya Zanzibar haziko sawa."

Kampuni ikamtuma mchunguzi. Aliitwa Trevor, askari polisi wa zamani, si mtu mbaya. Akaomba wakutane ofisini kwetu, na mimi nitafsiri. Bahati alikuja na tai yake, Neema nyuma yake, ameshika mikono yake mwenyewe. Trevor alieleza taratibu kwamba yako mambo mawili. Kama Bahati alimpa Neema ufunguo, basi kampuni ikishamlipa mzee wa baiskeli itamdai Bahati, na polisi watawashtaki wote wawili, Neema kwa kuendesha bila bima na Bahati kwa kumruhusu. Lakini kama Neema alilichukua gari bila ruhusa, hilo ni jambo jingine, kwa sababu mwenye gari hana lawama.

"Mwambie afikiri kabla hajajibu," Trevor akaniambia. "Akisema alilichukua bila ruhusa, mzigo wote unamtoka."

Nikatafsiri. Neema alifahamu vizuri maana yake kabla sijamaliza. Mwanasheria wake alikuwa ameshamwonya kwamba hukumu ya kuchukua gari la mtu ingeweza kuiharibu kesi yake ya ukimbizi. Akasema kwa sauti ndogo, "Kaka, sema nilichukua. Una mutoto anakuja."

Bahati hakumtazama. Alinitazama mimi. "Mama, mwambie huyu bwana hivi. Huyu nilimulea tangu iko na miaka kenda. Funguo nilimupa mimi kwa mukono yangu. Siwezi kumuita mwizi juu ya gari."

Trevor akaandika. Kisha akauliza kwa nini Bahati alidhani Neema yumo kwenye bima.

"Nilipiga simu hapa," Bahati akasema. "Ilikuwa siku munaingiza mashine. Mama aliniambia ningoje, kuko watu banabeba makartoni. Nikasema Neema amepata permis, muandike. Akasema sawa. Lakini labda hakusikia."

Permis kwao ndiyo leseni. Nilitafsiri sentensi ile neno kwa neno, hata "akasema sawa". Niliikumbuka siku yenyewe. Ilikuwa wiki tuliyoletewa kompyuta za kwanza, na ngazi nzima ilijaa masanduku. Kwamba alipiga simu, hilo sikulikumbuka. Ila nilijua kwamba kama alipiga, itakuwa imeandikwa.

Walipoondoka nikalitafuta daftari la simu. Tulikuwa tumeacha kulitumia tangu kompyuta zije, na lilikuwa chini ya kabati, juu yake kasha tupu la kibodi ya kompyuta. Nikafungua ukurasa wa wiki ile. Mwandiko wangu, wino wangu wa bluu: *Bahati, Tottenham. Neema amepata leseni. Aongezwe.* Ujumbe wa juu yake ulikuwa umepigwa mstari. Wa chini yake pia. Wa Bahati haukupigwa.

Nitasema kweli, kwa kuwa nyinyi ndio mtakaokaa kwenye viti vile. Sikulipeleka daftari kwa Bwana Jivan mara moja. Nililitia mkobani nikaenda nalo nyumbani. Ndani ya treni niliufungua mkoba vituo vitatu mfululizo, nikaufunga. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa na habari ya ukurasa ule. Bahati mwenyewe alikwisha kujihukumu kwamba ni Kiswahili chake. Ningeliacha daftari pale kwenye kiti, lingefika Amersham, kituo cha mwisho, peke yake na mambo yakaisha. Nilimfikiria mama yangu, nilifikiria kazi ambayo nisingeipata tena kwa umri wangu, nilifikiria kila kitu isipokuwa Neema, kwa sababu nilijua nikimfikiria yeye sitaweza.

Asubuhi nikaliweka mezani kwa Bwana Jivan, limefunguliwa pale pale. Akasoma. Akavua miwani.

"Umemwambia nani?"

"Wewe wa kwanza."

"Basi mimi nisiwe wa mwisho," akasema. Akavaa miwani yake tena, akasoma mara ya pili, kama anayetumaini kwamba maneno yatabadilika. "Ofisi hii ina bima ya makosa yake yenyewe, Bi Rukia. Nimeilipia miaka yote hii nikiona ni hasara. Mpigie Trevor kabla chai yako haijapoa. Halafu nenda Tottenham. Hili si la simu."

"Na mimi?"

"Wewe una wateja saa nane," akasema, na hatukulizungumza tena suala la kufukuzwa. Ila kwa muda wa miezi sita alikagua kila karatasi yangu kabla haijatoka, na hakuwahi kuniomba radhi kwa hilo. Hakupaswa.

Nilipanda treni, nikabadilisha, nikafika kwenye fleti yao, ghorofa ya nne. Esther ndiye aliyenifungulia, mimba yake imefika mwezi wa mwisho. Bahati alikuwa amerudi kutoka kazini na Neema alikuwa anakunja nguo. Sikukaa. Nilitoa nakala ya ukurasa ule nikawasomea, nikasema, "Ulinipigia, nami niliandika. Sikuipeleka kwa kampuni. Kosa ni langu."

Bahati aliichukua ile karatasi. "Kwa hiyo nilisema muzuri?"

"Ulisema vizuri kabisa."

"Na ulisikia?"

"Nilisikia."

Akamgeukia mkewe, uso umemfunguka kama mtu aliyetuliwa gunia. "Esther, unasikia? Nilisema muzuri!"

Esther hakufurahi. "Majuma sita," aliniambia, "mume wangu anatembea kama mutu mwenye kufiwa. Majuma sita Neema anasema atafute nyumba ingine, asituletee mikosi. Na karatasi iko kwako." Nikasema ndiyo. Hakunipa chai, na alikuwa na haki. Neema aliendelea kukunja nguo, lakini niliona shati lile lile akilikunja mara tatu.

Kampuni, ilipoupokea ukurasa, iliacha kumdai Bahati, na bima ya ofisi yetu ikaubeba mzigo. Lakini polisi ni mambo mengine. Sheria ya hapa haiulizi ulikusudia au hukukusudia. Gari lilikuwa barabarani na dereva hana bima, basi. Na kosa hili lina pointi sita za adhabu, na dereva mpya anayezifikisha ndani ya miaka miwili anapokonywa leseni. Neema angepoteza leseni, na kazi ya kuhudumia wazee ndiyo ingekuwa imekwisha kabla haijaanza. Kilichobaki ni mlango mmoja mdogo: mahakimu wanaweza wasimpe mtu pointi kama ana sababu maalumu, kwa mfano, aliaminishwa na mtu wa bima kwamba amekingwa. Lakini lazima wathibitishiwe.

Wanasheria wa bima yetu walitaka kupeleka barua. Nikaomba niende mwenyewe, na Bwana Jivan akanipa siku nzima bila kuuliza.

Mahakama ile ilikuwa chumba cha kawaida chenye joto kali la rejeta za ukutani. Mahakimu walikuwa watatu, na aliyekaa katikati alikuwa mama mwenye mvi aliyesoma kila karatasi hadi mwisho. Kwanza yalisomwa maelezo ya mzee wa baiskeli. Alisema mguu unapona, na kwamba yule msichana alipiga magoti kwenye maji, akamshikia mwavuli, mwenyewe akilowa, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Hakusema zaidi.

Nikaitwa. Hakimu akaniinulia daftari. "Huu ni mwandiko wako?"

"Ni wangu."

"Unaelewa kwamba unajitaja mwenyewe mbele ya mahakama?"

"Naelewa."

"Na ulipomwambia Bwana Bahati 'sawa', alikuwa na sababu yoyote ya kudhani kwamba si sawa?"

"Hakuwa nayo. Ningekuwa mimi ni yeye, ningempa ufunguo siku hiyo hiyo."

Wakatoka, wakakaa robo saa, wakarudi. Wote wawili walipatikana na hatia, maana sheria ni sheria, lakini bila adhabu yoyote na bila pointi hata moja. Neema alimwuliza mkalimani wa mahakama arudie. Mkalimani akarudia. Ndipo akakaa chini, ingawa hakuna aliyemwambia akae.

Nje, Esther alikuwa amekaa kwenye benchi na kitoto cha wiki tatu. Alinitazama kidogo, kisha akaninyoshea mtoto nimshike, huku yeye akitafuta koti lake. Tulikwenda wote kituo cha basi, kwa sababu gari lilikuwa bado gereji.

Tangu siku ile nilibadilisha namna yangu ya kuuliza. Bima ikifika wakati wa kuhuishwa, sisemi tena "kuna mabadiliko?" Mtu yeyote atajibu hapana. Mwanawe amepasi, mpwa amehamia chumba cha juu, lakini kwake hayo si mabadiliko, ni maisha tu. Mimi nauliza nani alilala nyumbani wiki hii. Nauliza nani ameshika ufunguo. Na siweki simu chini mpaka niwe nimeshatuma kile nilichoambiwa. Wateja wengine waliona nawachunguza. Mmoja aliniuliza kama ninafanya kazi ya uhamiaji.

Mambo yalibadilika sana miaka ya elfu mbili ilipoingia. Watu wakaanza kujinunulia bima wenyewe kwenye kompyuta. Polisi nao wakapata kamera za kusoma namba za gari, na ruhusa ya kulichukua gari lisilo na bima pale pale barabarani. Bwana Jivan alistaafu, akawauzia ofisi wenye mtandao wa ofisi kumi, na kabati letu likatupwa. Ninyi mna skrini inayouliza maswali yote kwa mpangilio. Ni nzuri, naisifu. Lakini haioni kiti kilichosukumwa nyuma, na haijui kwamba mtu akinyamaza kabla ya kusema "hapana", mara nyingi ni ndiyo.

Katika miaka ile, Ijumaa moja, alipanda ngazi mwanamke aliyevaa sare ya wahudumu wa wazee, akaniulizia kwa jina. Alikuwa Neema. Kesi yake ya ukimbizi ilikubaliwa, alikuwa ameolewa, na alikuwa amenunua gari lake la kwanza. Kijana wa meza ya jirani alikuwa hana mteja, lakini Neema akasema atangoja mpaka nimalize.

Tulijaza fomu pamoja. Nikamwuliza nani anaishi nyumbani, akawataja: mumewe, mama wa mumewe, binamu aliyefika mwezi uliopita. Nikaandika wote, nani ana leseni na nani hana. Nikamgeuzia karatasi atie sahihi.

Hakushika kalamu.

"Mama Rukia," akasema kwa upole, "soma tena."

Sikuudhika. Nikairudisha karatasi kwangu, nikaanza na jina lake.